Zaid Hataki

Mambrui si mji mkubwa. Ukipiga chafya karibu na msikiti, mtu wa mtaa wa pili atakuombea rehema. Kwa hiyo kila mmoja wetu alijua, au alidhani anajua, kwamba Zaid fundi kanzu alikuwa na wivu wa kupindukia na kwamba alikuwa kamfungia ndani mkewe, Rufaida. Rufaida haonekani sokoni. Rufaida haonekani harusini wala matangani. Akialikwa, jibu lake lilitoka dirishani kwa sauti ya upole, lile lile kila mara: "Ningependa sana, wallahi, lakini Zaid hataki."

Na Zaid mwenyewe hakukanusha. Tulimwona akichagua bamia na kubonyeza nyanya kama mama wa nyumba. Alisimama katikati ya wanawake dukani akisoma maneno ya leso, moja baada ya nyingine, mpaka apate inayomfaa mkewe. Siku moja Bi Kabibi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta na mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, alimtolea uvivu mbele ya watu.

"Zaid, hata sidiria ya mkeo wanunua wewe? Waogopa muuza duka atampima kwa macho?"

Duka zima likacheka. Zaid naye akacheka, akalipa, akachukua mfuko wake akaenda zake. Lisemwalo lipo, tukasema, na kama halipo laja.

Basi halikuwapo, wala halikuja. Lililokuwapo ni jingine kabisa, nalo lilianzia kwenye ukumbi wa harusi huko Malindi, Shekha, binti yao wa pekee, akiwa bado mtoto wa chuo cha Kurani.

Ilikuwa harusi ya wanawake peke yao. Madirisha yamefunikwa mapazia, milango imetiwa komeo ili mwanamume asichungulie, na ndani ngoma, manukato, moshi wa udi, wanawake wamebanana bega kwa bega. Rufaida alikuwa ameketi katikati, sahani ya sambusa mapajani, anacheka na mwenzake. Hakuwa na huzuni yoyote wala ugonjwa. Ghafla moyo wake ukaanza kupiga mbio kama unaokimbizwa. Vidole vikaingia ganzi. Pumzi ikawa inafika shingoni na kurudi. Aliutazama mlango akauona umesogea mbali, na watu wote kati yake na mlango ule wakawa kama ukuta. Alijua anakufa. Hakudhani, alijua, kama mtu anavyolijua jina lake.

Aliinuka akakanyaga sahani na mapaja ya watu, akaufikia mlango, akaupiga kwa ngumi. Na hapo ndipo wenzake walipofanya kosa ambalo sisi tu, watu wa pwani na majini yetu, tungeweza kulifanya. "Kapandisha!" mmoja akasema. "Jini wake kaupenda udi." Wakamkalisha chini kwa nguvu, wawili wakamshika mabega, wa tatu akakileta chetezo cha udi mpaka chini ya pua yake, moshi ukamwingia machoni na kooni, huku wakimwambia, "Sema! Taja jina lako! Wataka nini?" Masikini Rufaida hakuwa na pumzi ya kulitaja hata jina la Mungu. Alipofunguliwa mlango alitambaa. Zaid, aliyekuwa nje na wanaume wenzake, alimwokota kwenye ngazi, jasho limemlowesha buibui zima.

Hofu ile haikubaki Malindi. Kwanza Rufaida aliogopa kumbi. Kisha akaogopa maduka, kwa kuwa nayo yana mlango mmoja. Kisha njia ya kwenda madukani. Kisha kona ya nyumba yao. Hakuwa anawaogopa watu wenyewe. Aliogopa lisije likamshika tena mbele yao, akaletewa chetezo tena. Akikaribia kizingiti tu, moyo ulianza. Mwishowe akawa hakikaribii.

Walikwenda kwa daktari, safari ile akiwa amejifunika leso kichwa kizima njia nzima. Daktari akampima akasema moyo wake ni mzima. "Huu ni ugonjwa wa hofu, mama, na una tiba. Uje kila wiki tuzungumze. Utoke kidogo kidogo, leo mlangoni, kesho barazani. Nawe baba usimfiche, utauongeza." Rufaida akaona daktari huyu ndiye anayehitaji kutibiwa: mtu hawezi kutoka, dawa aambiwayo ni kutoka! Hakurudi tena. Akanywa kombe, akaandikiwa aya kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa mpaka sahani zikabaki na rangi ya manjano. Moyo ulitulia siku mbili tatu, kisha ukarudia yale yale.

Ndipo alipomwapisha mumewe.

"Watasema nina jini, Zaid. Watasema Shekha naye karithi. Nani atakuja kumposa? Niapie hutamwambia mtu. Hata Shekha mwenyewe usimwambie."

Zaid akaapa. Kisha akafikiri kidogo, akasema, "Basi waambie mimi sitaki. Mume mwenye wivu si ajabu. Wamejaa tele mji huu."

Akalifunga duka lake lililokuwa karibu na msikiti, akaihamishia cherehani sebuleni. Mji ukasema: haya, sasa anamlinda kwa macho yake mwenyewe. Kumbe hofu ilipomshika Rufaida, hata ndani ya nyumba, Zaid aliuacha mshono nusu, akaja kumshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vilivyodungwadungwa na sindano. Hakuwa na hotuba. Aliusikiliza mshipa, akasema, "Unapiga. Haujapasuka." Anyamaze kidogo. "Unapiga. Haujapasuka." Akaendelea hivyo mpaka ukatulia, kisha akarudi kwenye kanzu ya watu.

Mimi nasema Zaid alikosea. Daktari alimkataza kumficha naye akamficha, na mapenzi yake yakawa ukuta mwingine ndani ya ule wa kwanza. Lakini nani kati yetu angelibeba jina baya miaka yote ile kwa ajili ya mwenzake? Mimi nikisingiziwa andazi moja, mtaa mzima utanisikia.

Aliyeumia zaidi kwa jina lile alikuwa Shekha. Mtoto alikua akimwona mama yake hatoki, akamsikia akisema "baba yako hataki", akaamini. Siku ya harusi yake, iliyokuwa Malindi vilevile, alimngoja mama yake aje kumvisha kilemba cha maua, jinsi mama afanyavyo. Aliyekuja ni baba, peke yake, akasimama mlangoni na kanzu mpya. "Nimemkataza," akasema. Shekha, na mikono yake yote hina, akamtazama mbele ya wakwe zake akamwambia, "Sikusamehi, Baba. Si leo wala kesho." Na Shekha ni mtu wa neno lake. Toka siku ile alipiga simu kwa mama tu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rufaida kifo kilimuumbua kweli, ila hakikuwa chake. Zaid alikuwa na sukari, akapata kidonda cha mguu, akakipuuza kama wanaume wapuuzavyo, na kabla ya mwezi kwisha tukamsalia. Shekha alikuja matangani, tumbo lake la kwanza ndiyo kwanza laanza kuonekana. Aliketi mkekani macho makavu, kama aliyekuja kumhani jirani. Rufaida aliyaona macho yale. Alitaka kusema. Chumba kilikuwa kimejaa watu, akanyamaza.

Kisha akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Ajabu ya Mungu, ndani ya eda ile Rufaida alipata usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miaka. Asubuhi alimlilia mumewe mpaka sauti ikakauka, aliigusa cherehani akalia tena. Lakini mchana hakuna aliyemngoja mahali popote. Hakuna mwaliko wa kuukataa. Sheria yenyewe ilimwambia: kaa. Alijisikia salama, kisha akaogopa kwamba Mungu anamwona akijisikia salama juu ya kaburi la mtu.

Nasi tukamsifu! Wanawake waliokuja kumtazama walirudi na habari. "Eda ya Rufaida ndiyo eda. Hata dirishani hachungulii." Wajane wengine walitajiwa jina lake kama watoto wanavyotajiwa mwanafunzi wa kwanza. Kila sifa ilimwongezea komeo moja mlangoni.

Shekha alipiga simu karibu kila siku, na tumbo lilikuwa limekua. "Mama, mahesabu yangu na ya eda yako yakaribiana. Ukitoka tu, uje. Nataka uwe nami siku ile. Sasa hakuna wa kukukataza." Mumewe alikuwa kazini bandarini Mombasa, yeye yuko Malindi na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa mtu mzuri, lakini mama mkwe si mama.

"Nikitoka eda, mwanangu, inshallah," Rufaida akamwambia. Akikata simu, huenda kuutazama mlango kama una komeo.

Alijaribu. Wacha nimpe haki yake. Jua la saa saba, wakati kichochoro hakina hata paka, aliufungua mlango kiasi cha upana wa kidole. Siku nyingine akaongeza kidole. Akatia mguu mmoja kizingitini, moyo ukamjia juu, kichochoro kikaanza kuyumba, akarudi akaufunga akauegemea kwa ndani, kinywa kikavu, akijiambia "unapiga, haujapasuka" kwa sauti yake mwenyewe. Haikuwa sawa.

Siku ya kutoka ilipofika akapata hila. Mnajua ugomvi wetu wa mwezi: wako wanaofuata mwezi wa Saudia, na wako wanaongoja uandame hapa kwetu. Bi Kabibi alipokuja na leso mpya na udi wa kumtolea eda, Rufaida akamwambia kwa upole, "Shikamoo, Bi Kabibi. Si leo. Mwezi ule ulikuwa na mawingu, hapa kwetu tulitimiza thelathini. Ni kesho. Na mtu akitaka kujihadhari, ni kesho kutwa."

Bi Kabibi alishika kifua. "Mashallah! Watu waiba siku, wewe wajiongezea!" Akatoka kwenda kumuuliza mwalimu wa chuo, mwalimu akasema anayejihadhari na dini yake halaumiwi, na hadi alasiri mji mzima ulikuwa ukimsifu Rufaida kwa siku alizoziiba kwa woga.

Siku hizo za kuiba ndimo uchungu ulimomjia Shekha.

Simu ilikuja asubuhi. Bi Kabibi alikuwa jikoni akichambua mchele wa shughuli ya kesho yake, akamsikia Rufaida akisema "Wapi? Hospitali ipi? Tangu lini?" Alipotoka alimkuta amesimama katikati ya sebule, simu sikioni, uso hauna damu.

"Mama mkwe wake," Rufaida akasema. "Mtoto hajageuka. Watampasua. Shekha yuaniita mimi. Yuasema hatii sahihi mpaka nifike."

"Basi wangoja nini? Vaa buibui! Hii dharura, hata ungekuwa katikati ya eda ungeruhusiwa."

Bi Kabibi akamvika mwenyewe, akamwita mwenye tuktuk, akaufungua mlango wazi. Mwanga ukaingia mpaka kwenye cherehani. Rufaida akaenda hadi kizingitini, na pale akakwama. Akaishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Alisikia sauti inatoka kooni mwake, sauti ya mnyama, akajua sasa Bi Kabibi anaisikia. Akilini alimwona mwanawe kitandani akimwita. Alikiona na chetezo, kipo barazani pale pale, kimeandaliwa kwa shughuli.

Bi Kabibi alimtazama, akatikisa kichwa, machozi yakamlenga. "Mungu amrehemu Zaid, lakini alikufanyia vibaya, mwenzangu. Kakufunga mpaka umezoea. Kafa naye hakukufungua."

Kama Bi Kabibi angesema lolote jingine, labda Rufaida angelirudi ndani, akalala, akaumwa kichwa. Lakini alimtaja Zaid.

"Zaid hakunifunga!" Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka mwenye tuktuk akageuka. "Hajawahi kunifunga hata siku moja. Ni mimi. Naogopa, Bi Kabibi. Naogopa kutoka. Nikifika hapa nahisi nakufa. Miaka yote ile ni mimi niliyemwapisha aseme hataki. Yeye alitaka! Alikuwa akinibembeleza nitoke!"

Bi Kabibi akaketi kizingitini kama aliyekatwa miguu. Alibaki akiutazama mchanga.

"Sidiria," akasema mwishowe. "Nilimuuliza mtu yule habari ya sidiria. Mbele ya watu. Naye akacheka."

Rufaida alikuwa akilia na kutetemeka kwa pamoja. Bi Kabibi akajifuta uso kwa leso, akainuka, akakipiga teke chetezo mpaka kikaangukia mferejini. "Mficha uchi hazai, mwenzangu. Nawe mwanao yuazaa. Haya niambie, alikuwa akikufanyaje, likikushika?"

Rufaida akamnyoshea kifundo cha mkono. Akamwambia na maneno yale.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Tuktuk haina milango, na hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu yao. Bi Kabibi alimwambia dereva aende polepole na anyamaze. Rufaida alijifunika leso uso mzima. Kabla ya kufika barabara kuu alikuwa ameomba arudishwe, na alipokataliwa aliomba tena. Kwenye daraja la Sabaki gari kubwa la mchanga liliwazuia mbele na jingine likaja nyuma, hakuna pa kupita, na Rufaida akajaribu kuruka. Bi Kabibi akamkumbatia kiuno kwa mkono mmoja, mkono wa pili haukuachia kifundo.

"Unapiga," akamwambia. "Wapiga kama kinu cha harusi, sikudanganyi. Lakini haujapasuka. Nisemeje tena?"

"Sema hivyo hivyo."

"Unapiga. Haujapasuka. Unapiga. Haujapasuka. Dereva, watazama nini, tazama daraja!"

Alitapika mara mbili kabla ya Malindi. Hofu haikumwachia hata dakika moja. Nisiwadanganye kwamba ilishuka njiani akabaki mwanamke mpya. Alifika hospitali nayo, akapanda ngazi nayo, akapita ukumbi uliojaa watu akiambaa na ukuta kwa kiganja. Sahihi alikuwa keshaitia mama mkwe, kwa kuwa madaktari hawakuweza kungoja. Kwa hiyo walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, Bi Kabibi akirudia maneno yale kwa kunong'ona, mpaka wakaambiwa mtoto ni wa kiume na mama yake mzima.

Aliporuhusiwa kuingia wodini alikwenda peke yake, kitanda baada ya kitanda. Shekha alifumbua macho, akamwona, akatabasamu kwa midomo iliyokauka.

"Mama. Umetoka."

"Nimetoka, mwanangu."

"Waona sasa? Angekuwa hai hungetoka. Angekuzuia hata leo."

Rufaida akakalia ukingo wa kitanda. Mlango wa wodi ulikuwa nyuma yake na alitamani kuugeukia. Akasema yote, haraka, kabla pumzi haijamwishia: ukumbi, chetezo, kiapo. "Na siku ya harusi yako nilikuwa nimeshavaa. Baba yako amenishika mkono tumefika mlangoni. Nikaanguka. Mimi ndiye niliyemtuma aje akwambie amenikataza."

Shekha akashusha macho. Mtoto alikuwa amelala ubavuni mwake.

"Nilimwambia simsamehe," akasema.

"Alinieleza."

"Akasemaje?"

Rufaida alitamani aseme hakusema kitu. "Alisema heri umkasirikie yeye kuliko unikasirikie mimi. Akasema, baba akichukiwa si neno. Lakini mama yake atamhitaji siku ya kujifungua."

Shekha akageuza uso ukutani. Kwanza mabega, kisha kitanda chote kikatikisika, akalia kilio cha mtu aliyeshikwa pabaya, mpaka mtoto akaamka na vitanda vya jirani vikageuka. Muuguzi akaja mbio, akafunua shuka kutazama bandeji.

"Ni kidonda?"

"Si kidonda," Rufaida akasema. "Kafiwa na baba yake."

"Oo, pole sana. Lini?"

Rufaida alikuwa amekishika kifundo cha mkono cha binti yake, vidole juu ya mshipa.

"Leo," akasema.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na moyo wake bado unakwenda mbio. Hakutoka.